Damu ya Siku ya Nne: upasuaji wa kurekebisha maumbile kwa mwenye ugonjwa wa kurithi wa kutoganda damu

Mpasuaji anapomkata mtu mwenye hemofilia, mara nyingi dakika za mwanzo hazimshtui. Mishipa midogo inajibana, chembe sahani zinakimbilia palipokatika na kuziba, kisu cha umeme kinamalizia, na jeraha linafungwa likiwa kavu. Shida huja baadaye. Kizibo cha chembe sahani ni cha muda tu. Kinachokiimarisha ni nyuzi za fibrini, na fibrini haitengenezeki vya kutosha pasipo protini za kugandisha damu ambazo wagonjwa na wauguzi huziita faktari. Mwenye hemofilia A amepungukiwa faktari ya 8, mwenye hemofilia B faktari ya 9. Kizibo chake hubaki laini, na baada ya saa au siku kadhaa kinavunjika, pengine mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kupanga upasuaji wa aina hii linahusu akiba: je, ipo faktari ya kutosha, pamoja na maabara ya kuipima, mpaka jeraha lipone kabisa? Siku ya upasuaji yenyewe ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa sababu kila mtu yuko macho. Wengi huponea mezani, wakaumia kati ya siku ya 2 na ya 10.

Upasuaji wa kurekebisha maumbile si urembo peke yake. Kwetu Afrika Mashariki sehemu kubwa yake ni kuachia makovu ya moto yaliyovuta shingo au vidole, kushona midomo na makaakaa yaliyopasuka kwa watoto, kukata keloidi za masikio, na kupunguza matiti mazito yanayoumiza mgongo. Humo humo wamo wanaotaka kukaza tumbo baada ya uzazi, kunyonya mafuta au kunyoosha pua. Zote hizi zina jambo moja linalofanana: zinaweza kusubiri. Nafasi hiyo ya kusubiri ni kinga kubwa kuliko dawa yoyote itakayotajwa hapa chini, na inasikitisha kuona inavyopotezwa kwa sababu tarehe ilishapangwa au malipo yalishafanyika.

Aliyetambuliwa na asiyetambuliwa

Mwenye hemofilia kali, yaani mwenye faktari chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida, anajijua tangu utotoni, kwa tohara isiyokauka au magoti yaliyovimba. Wa wastani, asilimia 1 hadi 5, naye hujulikana mapema. Anayepita bila kuonekana ni mwenye hemofilia hafifu, zaidi ya asilimia 5 hadi 40, pamoja na mwanamke aliyebeba jeni ya hemofilia huku faktari yake mwenyewe ikiwa chini, pamoja na kundi kubwa kuliko yote: wenye ugonjwa wa von Willebrand. Hao wamepungukiwa protini inayozinasisha chembe sahani kwenye ukuta wa mshipa na kuibeba faktari ya 8 isiharibike. Wengi wao ni wanawake waliozoea kuambiwa kwamba hedhi ya siku tisa ni ya ukoo wao.

Maswali yanafichua zaidi ya maabara. Je, pedi au kitambaa kinaloa ndani ya saa moja? Damu ya pua huchukua zaidi ya dakika kumi? Baada ya kung'oa jino alirudi kwa daktari? Alitokwa damu wiki kadhaa baada ya kujifungua? Kuna ndugu aliyewahi kuongezewa damu baada ya tohara? Upo mfumo wa kimataifa wa kuyapa maswali haya alama: jumla ya 4 au zaidi kwa mwanamume, 6 au zaidi kwa mwanamke, na 3 au zaidi kwa mtoto inatosha kusimamisha upasuaji hadi vipimo vikamilike.

Vipimo vya kawaida vya muda wa kuganda damu, PT na aPTT, vikirudi sawa visimtulize mtu. Hemofilia hafifu na von Willebrand mara nyingi hupita humo bila kugusa kengele, magonjwa ya chembe sahani hayaonekani kabisa, na upungufu wa faktari ya 13, ambao huvuja damu kwa kuchelewa na kuchelewesha kidonda kufunga, hauonekani katika kipimo chochote kati ya hivyo viwili. Historia ikitia shaka, ipimwe faktari yenyewe: ya 8, ya 9, na kiwango na utendaji wa von Willebrand. Protini ya von Willebrand hupanda mtu akiwa na hofu, homa, ujauzito au anapotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, hivyo jibu moja la kawaida halitoshi, lirudiwe. Makosa ya sampuli nayo ni mengi. Kichupa cha sitrati, dawa ya kuzuia sampuli isigande, kisichojazwa hadi mstari hupotosha jibu kwa sababu uwiano wa sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa umevunjika. Damu nzima iliyosafirishwa kwenye barafu hupoteza faktari ya 8 na von Willebrand njiani, na mtu mwenye afya kabisa anaweza kuandikiwa ugonjwa asio nao.

Kwa mtoto wa mdomo uliopasuka, ambaye kwa kawaida hushonwa akiwa na miezi 3 hadi 6, kuna mtego mwingine. Faktari ya 8 hupimika vizuri tangu kuzaliwa, lakini faktari ya 9 huwa chini kwa kila mtoto mchanga na hukaribia kiwango cha mtu mzima akiwa na miezi 6 hivi. Palipo na hemofilia B hafifu katika ukoo, kuusogeza upasuaji mbele kwa miezi mitatu hakumpunguzii mtoto chochote.

Hesabu ya dawa

Yuniti moja ya faktari ya 8 kwa kila kilo ya mwili hupandisha kiwango kwa takriban asilimia 2. Yuniti moja ya faktari ya 9 hupandisha asilimia 1, na ile inayotengenezwa maabara bila plazima hupandisha karibu 0.8 kwa mtu mzima. Chukua mtu wa kilo 70 mwenye hemofilia A kali anayekwenda kupunguzwa matiti au kukazwa tumbo. Lengo kabla ya kisu ni asilimia 80 hadi 100. Kufika 100 ni 70 × 100 × 0.5, yaani yuniti 3,500. Angekuwa na hemofilia B, lengo lingekuwa 60 hadi 80. Kufika 80 ni yuniti 5,600 za dawa ya plazima, au takriban 7,000 za ile ya maabara. Dozi hukamilishwa kwa vichupa vizima. Kumwaga nusu kichupa ni dhambi mahali ambapo dawa ni haba.

Hapo safari ndiyo kwanza imeanza. Faktari ya 8 ya kawaida hupungua hadi nusu ndani ya saa 8 hadi 12, ya 9 ndani ya saa 18 hadi 24. Miongozo ya Shirikisho la Dunia la Hemofilia ya mwaka 2020 hushusha ngazi polepole. Kwa hemofilia A katika upasuaji mkubwa ni asilimia 60 hadi 80 siku ya 1 hadi 3, kisha 40 hadi 60 siku ya 4 hadi 6, kisha 30 hadi 50 mpaka wiki ya pili iishe. Kwa hemofilia B kila ngazi iko chini kidogo: 40 hadi 60, 30 hadi 50, 20 hadi 40. Mtu wetu wa kilo 70 atatumia dozi ya yuniti 1,500 hadi 2,000 kila baada ya saa 8 hadi 12 siku za mwanzo, na jumla ya wiki mbili huvuka yuniti 35,000 kirahisi. Hivyo ni vichupa 70 vya yuniti 500. Vyote viwe kwenye friji ya hospitali, vimehesabiwa, kabla mgonjwa hajaambiwa afunge kula. Ahadi ya simu kwamba vingine vinakuja isikubaliwe.

Saa pia ina hesabu yake. Faktari huchomwa polepole, kwa mtu mzima isizidi mililita 3 kwa dakika, muda mfupi kabla ya kukata, na sampuli huchukuliwa dakika 15 hadi 30 baadaye kuthibitisha kiwango. Kosa linalojirudia ni kumchoma mgonjwa wodini saa 1 asubuhi, halafu dharura inaingia na zamu yake inasogea hadi saa 6 mchana. Kufikia hapo faktari ya 8 imeshapungua kwa robo hadi theluthi, na hakuna anayekumbuka kurudia kipimo. Mgonjwa huyu awe wa kwanza kwenye orodha, mwanzoni mwa wiki, ili siku ya 2 na ya 3 zisiangukie Jumamosi na Jumapili maabara ikiwa imefungwa.

Wiki moja kabla, ipimwe inhibita, yaani kingamwili ambazo mwili umejitengenezea kuiua faktari inayochomwa. Kiwango cha yuniti 5 za Bethesda (kipimo cha nguvu ya inhibita) na kuendelea kina maana kwamba faktari ya kawaida haitafanya kazi, na zinahitajika dawa za njia ya pembeni, zinazogandisha damu bila kuipitia faktari hiyo. Moja ni faktari ya 7 iliyoamshwa, maikrogramu 90 kwa kilo kila baada ya saa 2 mwanzoni, kwa gharama ya kutisha na bila kipimo rahisi cha kuonyesha kama imetosha. Kwa mgonjwa kama huyo upasuaji wa urembo usifanyike. Wa kuokoa kiungo au jicho ufanyike, tena katika kituo kilichouzoea.

Siku hizi wapo wanaotumia emisizumabu, sindano ya chini ya ngozi inayofanya kazi ya faktari ya 8. Dawa hii huifanya aPTT ionekane ya kawaida kabisa na hudanganya kipimo cha kawaida cha faktari ya 8 kwa miezi hadi sita baada ya sindano ya mwisho. Kinahitajika kipimo cha rangi chenye vitendanishi vya ng'ombe. Aidha, ikichanganywa na mchanganyiko wa protrombini ulioamshwa, dawa nyingine ya njia ya pembeni, kwa zaidi ya yuniti 100 kwa kilo kwa siku, inaweza kuziba mishipa midogo na kuua figo. Daktari wa usingizi aambiwe hili kwa maandishi.

Von Willebrand na desmopresini

Wenye aina ya 1 ya von Willebrand, na wengi wenye hemofilia A hafifu, wanayo akiba ndani ya kuta za mishipa yao. Desmopresini huifungulia. Dozi ni maikrogramu 0.3 kwa kilo ndani ya mililita 50 za maji ya chumvi, ikichirizwa kwa dakika 30, na kiwango hupanda mara tatu hadi tano ndani ya saa moja. Ni ya bei nafuu, haina hatari ya virusi, na kwa mwenye hemofilia hafifu humwepusha na siku nyingi za faktari, ambazo ndizo huamsha inhibita. Lakini ijaribiwe wiki kadhaa kabla, kwa kupima kabla ya dawa, baada ya saa 1 na baada ya saa 4, kwani wengine hawaitikii na wengine huitikia kisha kiwango kikaporomoka haraka.

Aina ya 3 haina akiba ya kufungulia. Aina ya 2B huweza kushusha chembe sahani ikipewa dawa hii. Watoto chini ya miaka 2 na wenye ugonjwa wa moyo waepushwe nayo. Baada ya dozi tatu au nne mfululizo akiba inakauka. Na desmopresini huzuia mkojo: mgonjwa akiendelea kunywa maji kama kawaida, au muuguzi akimwekea dripu ya glukosi kwa mazoea, sodiamu ya damu hushuka hadi degedege. Kwa saa 24 vinywaji na dripu kwa jumla visizidi lita 1 hadi 1.5 kwa mtu mzima.

Kwa asiyeitikia, hutumika dawa yenye von Willebrand na faktari ya 8 pamoja, ikilenga vyote viwili visishuke chini ya asilimia 50 kwa angalau siku 3 baada ya upasuaji mkubwa. Faktari ya 8 hujilimbikiza katika tiba hii. Ikikaa juu ya 150, hatari hugeuka kuwa ya damu kuganda mguuni. Watu husahau kwamba mwenye hemofilia akishapandishiwa faktari hadi kawaida, naye anaweza kupata damu iliyoganda kwenye mapafu baada ya kukazwa tumbo. Soksi za kubana na kutembea mapema vinamhusu pia.

Karibu wote hunufaika na asidi ya traneksamiki, gramu 1 mara tatu kwa siku kwa siku 7 hadi 10 kwa mtu mzima mwenye figo nzima. Haitengenezi bonge la damu bali hulizuia lisiyeyushwe, na ndiyo maana ina nguvu zaidi kinywani na puani, ambako mwili huyeyusha mabonge kwa kasi. Aliye na damu kwenye mkojo asipewe, kwa sababu bonge lisiloyeyuka huziba njia ya figo.

Kila eneo na hatari yake

Kukaza tumbo humaanisha kuinua ngozi na mafuta kutoka kinenani hadi mbavuni, na kubakiza uwazi mkubwa ambamo hata nusu lita ya damu hukaa bila kuonekana nje. Uwazi huo upunguzwe kwa nyuzi za kushikiza ngozi kwenye misuli kila baada ya sentimita chache. Mipira ya kutolea majimaji isaidie, lakini haizuii damu kuvuja, huonyesha tu. Kuichomoa ni jeraha jipya, hivyo ipangwe dakika chache baada ya dozi ya faktari, wakati majimaji yameshuka chini ya mililita 30 kwa siku.

Kunyonya mafuta ndiko kunakotia hofu zaidi kwa mwenye hemofilia kali. Bomba huchana mamia ya mishipa midogo gizani, na hakuna hata mmoja unaoweza kuonekana ukachomwa kwa umeme. Maji yenye miligramu 1 ya adrenalini kwa lita huibana mishipa na kumpa mpasuaji uwanja mweupe, ila adrenalini ikiisha nguvu saa kadhaa baadaye mishipa hufunguka tena. Kuunganisha kunyonya mafuta, tumbo na matiti katika siku moja, kama vifurushi vya urembo vinavyouzwa kwa wasafiri, ni kumfungulia mgonjwa njia tatu za kuvuja damu wakati mmoja. Zigawanywe, miezi ikipita katikati.

Kope ni operesheni ndogo yenye madhara makubwa. Damu ikijikusanya nyuma ya jicho hubana mshipa wa retina, na mwanya wa kuokoa uoni ni kama saa moja na nusu. Maumivu makali ya jicho, jicho kutokeza, kuona giza: nyuzi zikatwe pale pale kitandani, kona ya nje ya kope ifunguliwe, na faktari ichomwe wakati huo huo. Asiyeweza kulala hospitalini usiku ule, karibu na mtu anayejua kufanya hivyo, asikatwe kope.

Katika kuachia kovu la moto, kidonda kikubwa hufunikwa kwa ngozi iliyochunwa pajani. Ngozi hiyo huishi kwa kugusana na kidonda. Damu kidogo tu ikijikusanya chini yake huiinua na kuiua. Itobolewe matundu madogo damu ipate pa kutokea, ifungwe kwa bandeji ya kugandamiza, na bandeji ya kwanza, siku ya 5 hivi, ifunguliwe baada ya dozi. Paja nalo livuje damu kidogo iwezekanavyo: shashi iliyoloweshwa adrenalini kwa dakika kumi husaidia sana.

Keloidi huhitaji subira ya namna yake. Kukata peke yake hakutoshi, kwani hurudi; hufuata sindano za triamsinoloni kila wiki 4 hadi 6. Kila sindano ndani ya kovu gumu ni sababu ya kuvuja, kwa hiyo zipangwe siku ya dozi ya kinga, yaani faktari anayochomwa mara kwa mara ili asivuje damu, sindano nyembamba, na kugandamiza dakika 5 hadi 10. Mwenye hemofilia anayetaka kukata keloidi moja ya sikio ahesabiwe faktari ya mwaka mzima wa matibabu.

Chumba cha usingizi kina sehemu yake pia. Mpira wa kupumulia upitishwe mdomoni, si puani. Sindano ya mgongo isiguswe kabla faktari haijapimwa na kuthibitishwa. Mgonjwa azinduliwe taratibu, apewe dawa ya kuzuia kutapika mapema, shinikizo la damu lidhibitiwe, maana kikohozi kimoja kikali huweza kufungua mshipa ulioziba saa moja iliyopita.

Baada ya kushonwa

Kosa ambalo linapaswa kuandikwa kwa wino mwekundu kwenye faili ni sindano ya diklofenaki ya tako, iliyozoeleka kila wodi kutoka Mombasa hadi Mbeya. Inakosea mara mbili: dawa inazilemaza chembe sahani, na sindano inaacha bonge la damu ndani ya msuli. Ibuprofeni na aspirini ni vivyo hivyo. Aspirini iachwe siku 7 hadi 10 kabla, na vidonge vya kitunguu saumu au vya mafuta ya samaki navyo visimamishwe. Parasetamoli, selekoksibi na, ikibidi, morfini kwa mshipa vinatosha.

Dalili za bonge la damu ni uvimbe wa upande mmoja, ngozi inayong'aa na kubana, maumivu yanayopanda badala ya kushuka, na mpira wa majimaji uliojaa ghafla au uliokauka ghafla kwa kuziba. Kwa mwenye ugonjwa huu kanuni, isipokuwa kwenye jicho, ni faktari kwanza. Choma dozi ya kurudisha asilimia 80 hadi 100, chukua sampuli, kisha rudi chumba cha upasuaji bila kusubiri jibu. Kufungua jeraha kabla ya faktari ni kuongeza damu juu ya damu. Kutoa nyuzi, siku ya 7 hadi 14, nako kufuate dozi.

Pasipo na vichupa, wengine huuliza kuhusu plazima na krayo, yaani mashapo ya plazima iliyogandishwa kwa baridi. Mfuko mmoja wa krayo una takriban yuniti 70 hadi 80 za faktari ya 8 na hauna faktari ya 9. Zile yuniti 3,500 za asubuhi ya kwanza zingehitaji mifuko 44 hadi 50, kila mmoja wa mchangiaji wake. Plazima ya mililita 15 hadi 20 kwa kilo, zaidi ya lita moja kwa mtu wa kilo 70, kwa nadra huivusha faktari ya 8 juu ya asilimia 30, na moyo hulemewa na maji. Hizi ni dawa za kuokoa maisha usiku wa dharura. Kupanga tumbo au pua kwa kuzitegemea ni kumhatarisha mtu bure.

Faktari nyingi inayotumika kwenye kliniki za hemofilia za kwetu, kama Muhimbili au Hospitali ya Moi Eldoret, hutoka kwenye misaada ya Shirikisho la Dunia la Hemofilia. Kovu linalomzuia mtoto kufungua mkono, au mdomo uliopasuka, vinastahili dawa hiyo bila mjadala. Kunyonya mafuta hakustahili, akiba ikiwa ndiyo hiyo hiyo anayoitegemea kijana mwenye goti lililojaa damu. Anayetaka, na anaweza, anunue faktari yake yote mapema, aithibitishe na daktari wake wa damu, na anayesafiri nje kwa upasuaji asikubali kliniki isiyo na daktari bingwa wa damu anayejulikana kwa jina kabla ya tiketi.

Inhibita ipimwe tena ndani ya wiki 4 tangu dozi ya mwisho kwa yeyote aliyechomwa faktari mfululizo zaidi ya siku 5, hata kama jeraha limepona vizuri. Mwenye hemofilia hafifu ndiye asiyekumbukwa hapa, ilhali wiki mbili za upasuaji zinaweza kuwa ndizo zilizompa faktari nyingi kuliko maisha yake yote ya nyuma. Jibu liandikwe kwenye kadi yake, pamoja na aina ya dawa, dozi na viwango vilivyofikiwa.